Lipu inabanduka kila masika: tuifanyeje nyumba ya babu?

Swali: Assalamu alaykum Maalim. Mimi na ndugu zangu tumeachiwa nyumba ya babu, ya mawe, ghorofa moja juu, iko Malindi ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Tumeshaipiga lipu ya saruji mara mbili, na kila masika inabanduka upya. Ukutani chini panatoka chumvi nyeupe, na chumba cha juu boriti zimeanza kuoza. Fundi anataka safari hii tutumie saruji yenye dawa ya kuzuia maji, tubandike vigae mpaka kiunoni, na dari tuivunje tumwage zege. Kaka yetu mkubwa yeye anataka nyumba irejeshwe kama ilivyokuwa enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na roshani ya mbao mbele. Na yupo mtu anatufuata kila wiki anataka kuununua mlango. Tuanzie wapi?

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullah. Anzieni juu ya paa, ukuta uacheni kwanza. Fundi mwambieni asubiri, tena mwambieni kwa vizuri, maana hakukusudia kukuharibieni. Kazi amejifunzia kwenye nyumba za matofali, na yote anayoyasema yana maana huko Mwanakwerekwe. Nyumba yenu ni ya aina nyengine.

Tafuteni mahali ambapo lipu imebanduka mpaka mawe yanaonekana. Chukueni kijiko cha maji mkimwagie pale, kwenye jiwe na udongo unaolishika. Maji yanazama papo hapo. Kisha mwagieni kijiko cha pili kwenye lipu ya saruji ambayo bado haijabanduka: yanateleza mpaka sakafuni. Hapo mmeshauona ugonjwa wenyewe, hamna haja ya kumlipa mtu akuonyesheni.

Ukuta huo ni mawe ya matumbawe na ya mwamba, makubwa yamepangwa nje na ndani, katikati pakajazwa vipande vidogo, na kilichoyashikisha ni chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake ni nusu mita, na mara nyingi zaidi. Ukuta wa namna hii hunywa maji kutoka chini ya ardhi, kutoka mvua inayopiga ubavuni, hata kutoka hewa yetu yenyewe yenye chumvi ya bahari. Wazee walijua hivyo na hawakujaribu kuuzuia. Waliuvisha lipu ya chokaa, ambayo maji yanaweza kupita, ili yaliyoingia wakati wa masika yapate kutoka jua likiwaka na upepo wa kusi ukivuma. Nyumba ilikuwa inalowa na kukauka, inalowa na kukauka, mwaka baada ya mwaka.

Saruji ikaja ikaziba njia ya kutokea. Kuingia, maji yanaendelea kuingia kama zamani, kwa sababu yanatoka chini na juu, ambako saruji haikufika. Yakikosa pa kutokea yanapanda. Ndiyo maana unyevu uliokuwa unaishia magotini enzi za babu sasa unafika kifuani. Maji hayo yamebeba chumvi. Yanapofika mahali ambapo hewa inapenya, pengine kwenye ufa, pengine nyuma ya lipu yenyewe, yanakauka na kuiacha chumvi igande. Inapoganda inavimba, na inavimba kwa nguvu ya kulisaga jiwe kuwa unga. Lipu yenu habandui mtu. Inasukumwa kutoka nyuma. Piga kwa vifundo vya vidole: mahali palipo salama sauti ni nzito, mahali palipoachana na ukuta panalia tupu. Msishangae mkikuta nusu ya ukuta unalia.

Kwa hiyo dawa ya kuzuia maji itaziba vizuri zaidi, na maji yatapanda juu zaidi. Vigae ni hivyo hivyo. Mtavipenda mwaka mmoja, kisha mtaiona chumvi juu ya mstari wa vigae, mtaulizana imefikaje kule.

Sitaki mfikiri saruji ni adui wa jadi au mgeni aliyeingia juzi. Saruji ya Portland ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, na hapa Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1873, paa lile la tao lilimwagwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Limesimama mpaka leo. Lakini pale saruji ilipewa kazi ya paa. Kuivisha juu ya ukuta wa chokaa ni kumvalisha mtu koti la mpira juani.

Sasa paa. Kabla ya kugusa lipu yoyote, pandeni juu siku ya mvua, mkae mtizame maji yanakwenda wapi. Nyumba nyingi za mjini zilikuwa na paa bapa la mawe na chokaa, na kwa kuwa lilikuwa linavuja, baadaye zikaongezwa mabati juu. Mabati yanamwaga maji mengi kwa kasi, na kama gata zimetoboka au hazipo kabisa, yote yanashuka ukutani mahali pamoja. Tizameni bomba la choo cha juu. Tizameni viyoyozi: kijibomba kinachodondosha matone ukutani mchana na usiku kinaweza kulowesha ukuta kuliko mvua ya wiki, na hakuna anayekishuku kwa sababu ni matone tu. Tizameni na nje chini, njia ikoje. Vichochoro vingi vimeinuliwa kila vilipotengenezwa, mpaka maji badala ya kwenda mtaroni yanarudi kwenye msingi wa nyumba. Baraza la nje likiwa limepigwa saruji nalo, livunjeni saruji yake kwanza.

Na lipo tangi. Kama mmeweka tangi la plastiki la lita 1,000 juu ya dari, kumbukeni likijaa ni kilo 1,000 zimekaa juu ya miti michache, tena mahali penye unyevu. Nimeona dari nzuri kabisa zimepinda kwa ajili ya tangi. Lishusheni ua wa nyuma, mtumie pampu.

Hayo yakiwa tayari, ndipo mbandue saruji. Itolewe kwa tindo na nyundo ndogo, kwa subira, kuanzia pale inapolia tupu. Mashine ya kutoboa isikanyage hapo. Sehemu ambayo imeshika kiasi kwamba ikitoka inatoka na jiwe, iacheni. Hasara ya kuitoa ni kubwa kuliko ya kuiacha. Chumvi mtakayoikuta ifagilieni kwa brashi kavu, muizoe, muitupe mbali na nyumba. Watu huosha ukuta kwa mpira wa maji wakidhani wanasafisha, kumbe wanairudisha chumvi ndani.

Kisha ukuta ukae uchi. Hapa ndipo familia nyingi zinaposhindwa, maana nyumba inaonekana gofu na majirani wanauliza pesa zimeishia wapi. Ukuta wa nusu mita uliofungiwa maji miaka mingi haukauki kwa mwezi. Ningekuwa mimi, gata na mitaro ningeimaliza kabla ya masika, saruji ningeitoa Juni mvua zikishakatika, upepo wa kusi ukaufanyia kazi ukuta, na lipu mpya nisingeigusa mpaka Septemba. Ukuta wa chini ukiwa bado una ubaridi wa maji mkiugusa kwa kiganja, nausubiri upite vuli pia.

Chokaa sasa, na hapa niruhusuni nirefushe kidogo, maana ndio moyo wa kazi na ndio unaofanywa ovyo kuliko yote. Chokaa ni jiwe lile lile la ukutani. Matumbawe yakichomwa kwenye moto wa kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi hutoka hewa ya ukaa iliyofungika ndani yake, likabaki jiwe jepesi, jeupe. Ndiyo kazi ya tanuu: magogo yanapangwa kwa duara, mawe yanarundikwa juu, moto unawashwa na kuachwa ule mpaka uishe wenyewe. Jiwe hilo likimwagiwa maji linachemka, linafuka mvuke, linavimba na kuvunjikavunjika mpaka linakuwa unga au uji. Ule uji ukipakwa ukutani unaanza kuivuta tena hewa ya ukaa iliyo katika upepo, na pole pole unarudi kuwa jiwe kama ulivyokuwa baharini. Kwa hiyo chokaa haigandi kwa kukauka kama watu wanavyodhani. Ikikauka upesi inakufa, inabaki unga unaotoka na kidole. Inahitaji unyevu kidogo na hewa na muda, na muda wenyewe ni wiki nyingi.

Hapo mtaelewa kwa nini fundi aliyezoea saruji huitukana chokaa. Anaipaka mchana jua kali, juu ya ukuta mkavu, tabaka moja nene ili amalize, kesho yake ina nyufa, anasema chokaa ya siku hizi si ya zamani. Ukuta unyunyizieni maji kabla, tabaka liwe jembamba, sentimita moja hivi, likishika ndipo lifuate la pili. Jua lisipige moja kwa moja: tundikeni magunia mbele ya ukuta muyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Mchanganyiko ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na kwa kuziba mashimo makubwa baina ya mawe ongezeni udongo mwekundu na vipande vya mawe, msijaze shimo kwa lipu tupu. Mchanga wa pwani hapana, hata ukiwa wa bure. Mtakuwa mnaipaka chumvi ile ile mliyoifagia. Nunueni wa machimbo ya shamba, wenye chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika.

Chokaa nzuri ni iliyozimwa kwa maji na kuwekwa shimoni au kwenye pipa, ikiwa imefunikwa na maji, kwa miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ya unga ya kwenye mifuko inaweza kutumika, lakini mfuko uliokaa dukani umepasuka, chokaa yake imeshakutana na hewa imeshageuka unga wa mawe; haitashika kitu. Na mtu anayezima chokaa avae miwani na glavu, watoto wakae mbali. Inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Ikitokea, maji mengi mara moja, kisha hospitali.

Mafundi wengine watakwambieni watie kikombe cha saruji humo ndani «ikamate». Wengine wanalifanya hata baada ya kuambiwa wasifanye, ukigeuka tu. Msikubali. Kusudi la kazi nzima ni ukuta upumue, na kikombe hicho ndicho kinachouziba. Mkihitaji ikamate upesi zaidi kwa nje panapopigwa na mvua, matofali ya udongo yaliyochomwa, yakapondwa mpaka unga, yanasaidia. Juu ya lipu pakeni chokaa ya maji, nyepesi, mara nne au tano, kila tabaka likisubiri lililotangulia lishike. Rangi ya plastiki ya dukani ni mlango mwengine wa kurudia tatizo.

Mkitilia shaka kama chokaa inadumu, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na ingawa msikiti wenyewe umejengwa upya baadaye, kazi ya mawe na chokaa pale inatosha kuwanyamazisha wanaobeza.

Dari. Mnaambiwa boriti zimeoza, tuvunje tumwage zege. Kwanza mjue zimeoza wapi. Boriti za mikoko ni ngumu sana. Zinapooza, mara nyingi ni ncha zilizoingia ukutani, pale zilipolala ndani ya unyevu, huku katikati zikiwa nzima kama siku zilipokatwa. Chukueni bisibisi mchome kila boriti karibu na ukuta. Inayozama, tieni alama ya chaki. Nadhani mtakuta chache kuliko mlivyoogopa.

Zilizotiwa alama zinabadilishwa moja moja, dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo chini. Au, kama nyingi ncha zake zimekwisha na miili ni mizima, panawekwa mhimili wa mbao ngumu sambamba na ukuta, ukabeba zile ncha bila ya kuzivunja. Boriti mpya zinunuliwe zenye kibali cha misitu, kwani mikoko haikatwi ovyo. Zikiingia ukutani ziachiwe nafasi ndogo ya hewa pembeni, zisizungushiwe saruji. Urefu wake ndio uliowapa wazee wetu vyumba virefu vyembamba: boriti haipatikani kwa urahisi zaidi ya mita tatu, na chumba kikakatwa kwa kipimo cha mti.

Kuhusu zege, watu hupenda kusema halifai kwa sababu ni zito. Hiyo si hoja ya haki. Zege la sentimita 10 ni kilo 240 hivi kwa mita ya mraba, na dari ya kale yenye mawe na chokaa iliyopigwa huenda ikawa nzito kuliko hilo. Tatizo ni nondo. Mnaiweka ndani ya ukuta wenye chumvi, karibu na bahari, ukuta ambao mnajua unalowa. Chuma kikipata kutu kinavimba mara kadhaa, kinalipasua zege kutoka ndani, na vipande vinaanza kudondoka kitandani. Tatizo la pili ni kwamba ili zege likae, fundi atachimba mfereji ukutani pande zote nne, yaani ataukata ukuta kiunoni wakati bado umebeba paa.

Hili la kukata si la kufanyia mzaha. Mnakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakafa. Nyumba yenu si jumba, ila kanuni ni moja: hapabomolewi wala hapachimbwi kitu kinachobeba kabla mhandisi anayezijua nyumba za mawe hajaja akapanga nguzo za kuegemeza. Kama mna pesa ya kumlipa mtaalamu mmoja tu katika kazi hii yote, mlipeni huyo.

Tuje kwa kaka yenu na roshani yake. Ugomvi wenu ni wa zamani kuliko nyumba. Ufaransa karne ya 19 alikuwepo Viollet-le-Duc, msanifu mkubwa, aliyeandika kwamba kurejesha jengo ni kulifikisha kwenye ukamilifu ambao huenda halijapata kuwa nao wakati wowote. Kaka yenu ni mwanafunzi wake bila kujua. Uingereza akasimama William Morris, mwaka 1877 akaanzisha na wenzake jumuiya ya kulinda majengo ya kale dhidi ya warejeshaji wa aina hiyo, akitaka majengo yatunzwe na kutengenezwa tu, yasibuniwe upya. Mwaka 1964 wataalamu walikutana Venice wakaandika mkataba unaofuatwa hadi leo, na kifungu chake kimoja kinasema kurejesha kunaishia pale kukisia kunapoanza.

Mimi niko upande wa kifungu hicho. Kama kuna ushahidi wa roshani, irudisheni. Tizameni ukuta wa mbele mkishatoa saruji: roshani ya mbao huacha matundu ya mihimili yaliyozibwa, kwa safu moja, chini ya kiwango cha sakafu ya juu. Nendeni Nyaraka, nyumba ya kumbukumbu za kale iliyoko Kilimani, mkatafute picha za mtaa wenu. Mkikuta matundu na picha, mna roshani. Mkikosa vyote viwili, kaka atakuwa anajenga hoteli ya mawazo yake, na pesa hiyo inahitajika kwenye gata. Na kile choo alichokiongeza babu, hata kama ni kibaya, nacho ni sehemu ya nyumba. Msikibomoe kwa sababu tu Barghash hakukijua.

Vyovyote mtakavyokubaliana, hamwezi kuanza bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Ipo tangu 1985, na tangu 2000 mji wote umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hiyo hata dirisha la nyuma lina mwenyewe wa kuulizwa. Watu huwakimbia kwa kuogopa urasimu. Wapelekeeni swali mapema, na picha, na waombeni majina ya waashi wanaojua chokaa. Angalieni pia karatasi za nyumba: kama ni wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iwe ya kwanza kujua, kabla ya yeyote kununua hata mfuko mmoja.

Mlango msiuze. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya nakshi tu. Kwa desturi mlango ulisimamishwa kwanza na nyumba ikajengwa kuuzunguka, hivyo kuutoa na fremu yake ni kuufungua ukuta wa mbele mahali pake penye uwazi mkubwa kuliko pote. Huyo mnunuzi atachukua mbao na kuondoka, nyufa zitabaki kwenu. Mlango wenyewe tizameni chini: miguu ya miimo na ya mfaa, ule mti wa katikati, ndiyo inayooza, kwa sababu imesimama juu ya saruji inayoshika maji. Seremala mzuri hukata ile ncha iliyooza tu, kwa mshazari, akaunga kipande cha mti wa aina ile ile, msaji kwa msaji, mfenesi kwa mfenesi, bila ya kugusa nakshi iliyo juu. Rangi za zamani zitolewe kwa mkono na dawa laini, mashine ya msasa itafuta mistari ya patasi. Na misumari ya shaba isisuguliwe mpaka ing'ae; futeni kwa kitambaa kikavu, inatosha.